Mwalimu Asiyepiga Makofi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kidato cha tatu, kule Kisumu, ninayoikumbuka vizuri kuliko jana. Mwalimu Desai wa hesabu alinirudishia karatasi yangu. Nilikuwa nimepata zote. Hakuandika "vizuri", hata kutabasamu hakutabasamu. Chini ya karatasi alikuwa ameniwekea swali jingine, gumu kuliko yote yaliyotangulia. "Kesho," akasema, akaenda zake kwenye dawati la nyuma.

Mwaka huo tulikuwa pia na Mwalimu Carol, binti wa Kimarekani aliyetufundisha sayansi. Huyo alikuwa akikaa juu ya meza na kutuuliza sisi tunaonaje. Ukikosea, alikupigia makofi: "Umethubutu! Nani mwingine?" Tulimpenda, we! Mwalimu Desai, aliyesomea India, hakutuuliza tunaonaje. Kwake hesabu ilifanywa mpaka itoke, na ikitoka unapewa nyingine. Nami nilikuwa napewa kuliko wenzangu wote, kila juma. Nikaamua moyoni kwamba mmoja ananipenda na mwingine ananichukia, nikamwendea Mwalimu Carol kumwambia naacha hesabu.

"Kwa nini, Achieng?"

"Mwalimu Desai ananiadhibu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Yule mzee anatembea na karatasi zako chumba cha walimu! Anatuonyesha hata sisi tusioelewa. Lile swali la ziada ndilo pongezi lake."

Nilitoka pale mbio. Jioni hiyo swali lilipokubali, nilipiga magoti palepale jikoni nikamshukuru Mungu, mama akadhani nimeungua. Sikuacha hesabu. Lakini kumwendea Mwalimu Desai mwenyewe nikamuuliza? Hilo halikuwahi hata kunijia akilini.

Nayasema haya kwa sababu ya Jumamosi iliyopita, hapa Great Barr, Uingereza. Mjukuu wangu Zawadi yuko mbioni kufanya mtihani wa kuingia zile sekondari zinazochagua watoto, na anasoma tuisheni kwa Bi Surinder, Mhindi mzaliwa wa Nakuru. Mtoto alirudi akatupa mkoba sakafuni. Kiswahili anakielewa vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo ninaandika alivyomaanisha.

"Nyanya, siendi tena. Auntie Surinder hanipendi. Wenzangu wote wamemaliza, mimi kaniongezea karatasi. Kule Marekani, Brian akifeli anaruhusiwa kurudia, na mwalimu wake anamwambia hongera!"

Brian ni binamu yake, wanaongea kwa simu kila Ijumaa. Mama yake Zawadi alikuwa ameshapandisha sauti, kwamba ataenda atake asitake, mtihani umekaribia. Nikamwomba aniachie mtoto kidogo. Nikamsimulia habari za Mwalimu Desai, nikitegemea afanye kama mimi, akimbilie kalamu.

Akavaa viatu. "Basi twende nikamuulize."

"Umuulize mwalimu?"

"Sasa nitajuaje?"

Tukaenda. Bi Surinder alifungua mlango mikono imejaa unga wa chapati. Zawadi hakungoja hata salamu ziishe. "Auntie, kwa nini mimi tu unanipa kazi ngumu? Nimekosa nini?"

Bi Surinder akanitazama. "Mama, nani amemfundisha kuuliza hivi?"

"Amezaliwa huku," nikasema.

"Wewe mtoto! Zile karatasi ni za darasa la mbele yako. Nakupa kwa sababu unaziweza. Hao wengine nikiwapa watalia."

"Mbona hukuniambia?"

Bi Surinder akapangusa unga taratibu. "Mimi pia hakuna aliyeniambia," akasema. Kisha akainama wakatazamana. "Unafanya vizuri sana, Zawadi. Haya, nimesema! Umefurahi?"

"Ndiyo. Sasa nimekwama kwenye ile ya pembetatu."

Wakakaa hapohapo kwenye ngazi, chapati zikisubiri, wakabishana juu ya pembetatu. Mimi nilisimama kwenye baridi na furaha ilinijaa hata nikasahau kofia yangu imepeperushwa na upepo hadi kwa jirani.

Mwanangu, usikubali kuambiwa kwamba shule moja ina upendo na nyingine ina ukali tu. Nimekaa chini ya walimu wa aina zote mbili, na wote walinitakia mema. Ukipewa mzigo unaokushinda, fungua kinywa uulize, kwa heshima lakini uulize. Ukishajibiwa, kaa chini ufanye kazi, tena uirudie, maana makofi peke yake hayajawahi kumfundisha mtu pembetatu. Nawe uliye mzazi au mwalimu, kama unamwamini mtoto, mwambie leo, kwa maneno, angali yuko mbele yako.

Mungu aliyenipa walimu akupe nawe walimu wema, akupe akili inayotulia na ulimi usioogopa kuuliza, na siku ya mtihani mkono wako usitetemeke. Amina.