Nilidhani Kununua Ndoo Nzima ya Mabuyu Kutamrudisha Shule

Admin, tafadhali nifichie jina, mji wetu wa Salama ni mdogo na wenye maneno ni wengi. Nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa, na nashona nguo hapa karibu na barabara kuu. Mtoto bado Mungu hajanipa.

Kuna msichana wa miaka kama tisa, nitamwita Mwende, anayeuza mabuyu ambayo mama yake huyapika kwa sukari na rangi nyekundu. Alikuwa anayauzia kwenye matuta, pale malori hupunguza mwendo, akikimbia kando ya magurudumu na ndoo yake. Roho yangu haikutulia. Nikaanza kununua ndoo nzima kila asubuhi, nikimwambia haya, sasa nenda shule. Wateja wangu waliondoka na ndimi nyekundu, mengine nikayapeleka kanisani. Wanasema tenda wema nenda zako, lakini mimi nilibaki hapo nikijisifu.

Muhula huu nikashangaa kumwona amerudi saa nne na ndoo ya pili. Nyuma yake alikuwa mdogo wake wa miaka sita, naye na kopo lake. Kumbe mama yao alipoona mabuyu yanaisha mapema, aliongeza kupika, akawatoa wote wawili shuleni. Hasira zikanipanda nikamwendea. Hakupiga kelele, alikuwa anakoroga sufuria tu. Alinieleza kwamba tangu mume wake afariki hana mwingine wa kumsaidia, na shamba limekauka. Kisha akasema, "Wewe huna mtoto, ndio maana unaona hii maneno ni rahisi. Si ulisema unanunua? Nunua." Nililia njia nzima.

Jana nilikaza moyo, sikununua. Mchana nikawaona kwenye matuta, yule mdogo ameshikilia mlango wa lori lililoanza kuondoka. Mume wangu anasema niende kwa chifu. Lakini mama huyo akikamatwa, hawa watoto watalala kwa nani?

Leo asubuhi Mwende amesimama mlangoni na ndoo, hakuiweka chini. Akaniuliza polepole, "Anti, jana nilikukosea nini?"

Nilimwambia tutaongea kesho. Nikinunua, shule hawaendi. Nikiacha, wanarudi kwa malori. Ndugu zangu, mlio na watoto hata msio nao, nisaidieni mawazo, kesho akija nimwambie nini huyu mtoto?