Kisigino cha Kushoto, Suneka hadi Keroka

Miaka kumi na minane niliendesha lori kati ya Kisii na Naivasha, na kila nikipanda mlima wa kwenda Keroka nilijiuliza wanaotembea kando ya lami huona nini ambacho mimi sikioni. Nilipoacha udereva niliamua kujua: nitembee kwa miguu kutoka kwetu Suneka hadi Naivasha. Shida ni kwamba nina ugonjwa wa sukari, na binti yangu Moraa ni muuguzi. Alikubali tufuatane, kwa sharti.

"Tata, kwanza enda Keroka na urudi, na mzigo yako yote mgongoni. Ukirudi na kidonda hata moja kwa mguu, hiyo safari imekufa."

Nikajiandaa kama bwana harusi. Begi nililitundika kwenye mizani ya majani chai ya jirani, nikawa napunguza: nikakata mpini wa mswaki, nikaacha Biblia kubwa nikachukua rozari. Ratiba ya Naivasha niliiandika kidereva, siku kumi na moja mfululizo, bila kusimama mpaka mzigo ufike.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Suneka kukiwa na ukungu. Kufika saa mbili nilikuwa Kisii mjini, napita katikati ya marundo ya ndizi. Waendesha boda boda hawakunielewa kabisa. Mmoja alinifuata polepole hadi nje ya mji akiniuliza nimegombana na nani.

Kutoka hapo kwenda juu nilikuwa kama mgeni kwenye barabara niliyodhani ni yangu. Nilivuka vijito vinne ambavyo nikiwa dereva niliviita kona. Kando ya kimojawapo kuna chemchemi, na akina mama waliokuwa wakichota maji, nilipowaeleza kazi yangu ya zamani, waliniambia miaka yote walinisikia nikipiga honi pale. Niliona haya, kisha nikacheka.

Saa tisa alasiri, karibu na Ichuni, nilipumzika kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Mama mmoja aliyekuwa amemaliza kupima majani yake alinitazama begi, akanitazama viatu, akanipa salamu ya alasiri kwa Kigusii.

"Bwairire, tata. Gari yako imeharibikia wapi?"

Nilipomweleza kuwa hakuna gari, alishangaa zaidi. Jina lake Bosibori. Alinipeleka kwake kwa mumewe, nikapewa chumba cha mtoto wao aliyeolewa. Chai bila sukari niliinywa huku wakinihurumia. Mambo yote yalifanywa haraka kabla jua halijazama: maji, kuni, chakula cha kesho, kwa kuwa wao ni Wasabato.

Jumamosi alfajiri nilikuwa nimefunga begi. Bosibori alisimama mlangoni.

"Unaenda wapi Sabato na mzigo?"

"Mama, mimi ni Mkatoliki."

"Lakini nyumba si ya Katoliki. Watu watasema tulikufukuza. Kaa chini."

Nilikasirika, sifichi. Hata jaribio lenyewe lilikuwa linaharibika siku ya pili tu! Lakini kumkatalia mtu ambaye umelala kwake ni aibu, nikavua viatu. Wenyewe walienda kanisani, nikabaki kibarazani nikihesabu magari kwa sauti ya injini.

Saa nane mchana walirudi. Tukiwa tunakula ugali wa wimbi na mboga za jana, Bosibori aliacha kutafuna.

"Hiyo mguu yako ni nyekundu hivyo na husikii?"

Kisigino cha kushoto kilikuwa kimevimba, chekundu, ngozi imekaza na kung'aa. Nilikibonyeza. Sikusikia chochote. Ugonjwa huu huua hisia za mguu kidogo kidogo, na kumbe wangu ulishaanza kufa ganzi. Niliogopa kuliko siku breki za lori zilipokatika mteremkoni. Ningetembea siku hiyo, ngozi ingepasuka nami ningeendelea kutembea tu.

Jumapili wekundu ulikuwa umefifia. Nilikata soksi ya akiba nikaizungushia kisigino ili kiatu kisiguse pale, nikaenda Keroka taratibu, begi mgongoni, nikivua kiatu kila saa kukagua. Niligusa ukuta wa duka la kwanza, nikanywa maji, nikageuka kwenda kulala tena kwa Bosibori. Jumatatu asubuhi Bosibori alinifungia mkungu wa ndizi juu ya begi. Mpini wa mswaki niliukata bure.

Jumatatu jioni, Suneka. Moraa aliniketisha kwenye kiti, akachunguza kidole kwa kidole, akapapasa visigino vyote viwili.

"Hakuna kidonda," alisema.

Ningeweza kunyamaza hapo, na nilitaka sana kunyamaza. Nikamwambia yote: wekundu, Sabato ya watu, na kwamba nilibonyeza nisisikie kitu. Alikibonyeza tena kisigino, mguu wangu bado uko mapajani mwake.

"Ganzi imeanza lini, Tata?"

"Sijui. Ningejuaje?"

Aliomba ile ratiba. Nikajua ataichana. Badala yake alichukua kalamu, akafuta siku kumi na moja akaandika kumi na sita, akazungushia duara kila siku ya tatu: kukaa. Kisha chini kabisa, kwa mwandiko wake wa hospitali, akaongeza mstari mmoja: *Kila jioni, Moraa aangalie miguu.*