Herufi Zisizoshikana Mikono

Bibi alianguka jikoni asubuhi, nazi ikiwa nusu imekunwa. Alipozinduka, mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda upande, na maneno yake yote yameondoka isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "sahani". Akitaka maji, sahani. Akitaka kugeuzwa ubavu, sahani. Siku aliyolia kwa mara ya kwanza alilia akisema sahani, sahani, na mimi nikamletea sahani kwa sababu sikujua la kufanya. Akaitazama, kisha akanitazama mimi. Tangu hapo nikiosha vyombo, sahani naziacha mwisho.

Kilichotupa matumaini ni Fatiha. Halati yangu, ndugu mdogo wa marehemu mama, alikuwa akimsomea kando ya kitanda, na Bibi akaipokea. Akaisoma yote mpaka amina bila kukwama, kwa sauti ile ile aliyotufundishia sisi watoto wa Mbwajumali chuoni kwake, yaani madrasa yake ya Kurani, pale pale barazani. Halati akamshika bega, akamsogezea kikombe cha maji.

"Mama, wataka mai?"

"Sahani," akasema Bibi.

Mganga wa zahanati alikuwa ametueleza kwamba kiharusi kimegusa mkono na maneno. Mimi nilisikia mkono na ulimi. Nikaamini maneno yamo ndani, mazima, ni kutoka tu ndiko kumekuwa kugumu.

Mjomba, kaka mkubwa wa Halati, anauza vipuri vya mashine za boti huko Amu, mjini Lamu. Alikuja, akamwona mamake, akatoka nje akakaa kitako mchangani kwa muda. Aliporudi ndani alikuwa ameshaamua.

"Hapa zahanati ikifungwa saa za jioni, mtu kafa. Amu hospitali iko mlangoni. Namchukua."

"Wamchukua kama gunia la unga?" Halati akamjibu. "Mama siku zote husema haondoki nyumba hii. Baba kazikwa hapo nyuma."

"Alisema akiwa mzima."

"Na sasa si mtu?"

"Basi muulize mwenyewe."

Halati akapiga magoti. "Mama, wataka kwenda Amu?" Bibi akatikisa kichwa, ndiyo. Mjomba akafungua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. "Mama, wataka kukaa hapa kwako?" Bibi akatikisa kichwa vile vile, ndiyo, na machozi yakamtoka.

Mimi ndiye niliyesema nitamfanyia aandike. Kalamu tulishaijaribu kwa mkono wa kushoto, ikawa ni mikwaruzo. Simu yangu nayo tulishaijaribu, lakini herufi zake ni ndogo, na kidole cha Bibi kikitetemeka juu ya kioo hutoa herufi tatu badala ya moja. Ila nilikuwa na laptopu, yenye vibonye vizito vya kuzama.

Mjomba akacheka, si kwa ubaya. "Injinia wa Mbwajumali kasema. Haya. Mwezi ukiandama naja na boti. Mama akiandika abaki, atabaki, na mimi sitasema neno. Asipoandika, nakuja kumchukua."

Uinjinia huo nilijipa mwenyewe. Shule niliachia kidato cha pili, mama alipofariki. Nikaenda Shela kufua mashuka katika nyumba ya wageni, na mgeni mmoja akaniachia laptopu yake kuukuu, yenye mstari wa kijani ubavuni mwa skrini, akanambia nikitaka niiuze. Sikuiuza. Nikajifunza kutunga programu kwa masomo ya bure ya kwenye simu, polepole, na kamusi ya Kiingereza pajani. Halati alikuwa akipita na kapu lake la shamba akinitupia, "Mashine hiyo itakuoa, na mahari utatoa wewe." Nami nikimjibu kwamba angalau mume huyo hakoromi.

Laptopu ile haibebi programu kubwa. Nilikuwa na kihariri kimoja kidogo, yaani programu ya kuandikia maneno matupu, ambacho aliyekitunga aliuacha msimbo wake, maagizo yanayokiendesha, wazi mtandaoni, anayetaka aufungue auchokonoe. Kinaweza kuonyesha herufi kubwa kama ngumi. Kasoro yake, kilitungwa na mtu wa a, b, c. Bibi hakusoma shule ya serikali. Amesoma chuoni, na Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wanawake wengi wa rika lake kwetu. Nikabonyeza Bismillahi nione. Herufi zikaja, lakini kila moja imesimama peke yake, na zinatoka kushoto kwenda kulia, kama watu wa nyumba moja waliogombana.

Sikuvunjika moyo hata kidogo. Nilifurahi, kwa kweli, maana dawa yake naijua tangu utotoni. Bibi ndiye aliyetufundisha kwamba herufi ina sura ya mwanzo, ya kati, ya mwisho na ya upweke, na sura yake huijua kwa kuangalia jirani zake. Alikuwa akitupanga sisi watoto mstarini tushikane mikono. Anayekuwa alifu, au dali, au wau, humshika aliyemtangulia lakini hamshiki anayemfuata. Mimi nilikuwa wau mara nyingi, na nilikuwa sipendi, nikiona wenzangu wa nyuma yangu wananyosha mkono nami sina ruhusa ya kuupokea. Basi nilichohitaji ni kuiandikia mashine mchezo ule ule: kabla hujachora herufi, mwangalie jirani.

Kuuandika ilikuwa kazi ya siku chache. Kilichonitoa jasho ni kompaila. Hicho ni chombo kinachochukua msimbo alioandika mtu na kuugeuza programu inayotembea, na hakina huruma wala matusi. Kinakwambia tu, mstari fulani, kitu hiki sikijui. Nilikuwa nimeliita fungu la maagizo juu ya ukurasa kabla ya kulieleza chini. Nikapanga upya. Kikasema maktaba ya kuchorea herufi, yaani msimbo wa tayari uliotungwa na wengine, haipo. Nikaitafuta kwa bando la simu, nikaipata, kikasema ni mpya mno kwa laptopu yangu. Nikatafuta ya zamani zaidi. Ukiziba kosa moja yanatoka mengine chungu nzima, yanateremka kwenye skrini kama siafu. Na umeme ulikuwa wa sola ya jirani yetu muuza barafu, aliyenikubalia kuchaji mchana barafu zake zikishaganda.

Lakini mimi nilikuwa nikiimba. Nilishaona mbali: si Bibi tu, ila kila mgonjwa wa kiharusi, kuanzia Kizingitini hadi Amu, ana laptopu kuukuu mapajani na anawatukana wanawe kwa herufi kubwa. Nilishachagua hata rangi ya alama ya programu hiyo. Samawati.

Siku kompaila iliponyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali, nikabonyeza tena Bismillahi. Ikatokea kuliani, imeshikana, mbichi, kama ubao wa chuoni uliooshwa na kuandikwa upya. Nikakata plasta ya kidonda vipande vidogo, nikaandika herufi kwa kalamu, nikabandika kila kimoja kwenye kibonye chake. Nikamkalisha Bibi kwa mito.

Akaziona herufi. Uso wake ukakusanyika. Akautazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya shuka, kisha akauficha ule wa kushoto chini ya kanga. Nikaelewa. Chuoni kwake mtoto akigusa ubao kwa mkono wa kushoto alikuwa hapigwi, ila anarudishwa nyumbani akauoshe.

"Bibi, una udhuru," nikamwambia. "Mungu anajua. Nambie tu, wataka kukaa au wataka kwenda?"

Akautoa mkono taratibu, akaufuta kwa upindo wa kanga, vidole vyote. Akaandika. Ilichukua muda mrefu, anabonyeza, anasita, anabonyeza. Alipomaliza akainua macho akanitazama, ametulia, kama mtu aliyesema jambo na sasa anangoja ajibiwe.

Kwenye skrini kulikuwa na mstari wa herufi zilizoshikana vizuri kabisa, na hazikuwa neno.

Nikasema, "Ngoja Bibi, mashine imekosea." Nikaufungua msimbo. Nilikuwa na hakika kwamba nimepindua mpangilio, kwamba herufi zinahifadhiwa hivi na kuonyeshwa vile. Nikabadilisha, nikakompaili, makosa yakateremka, nikayafuta moja baada ya jingine. Bibi akaandika tena. Mstari mwingine, mzuri kuutazama, na hauna maana. Akanitazama akingoja. Nikasema kibonye kimenata. Nikaving'oa vyote nikavisafisha kwa spiriti. Nikasema ni plasta nimezibandika kombo. Nikasema ni mkono wa kushoto haujazoea. Kila mara anaandika, kila mara anainua yale macho. Siku nyingine alipiga kibodi kwa kiganja. Siku nyingine alicheka kidogo mwishoni mwa mstari, kana kwamba ameweka na mzaha ndani yake.

Halati hakuwa ameigusa laptopu hata siku moja, akisema mikono yake ni ya jembe. Mchana mmoja alirudi shamba, akatukuta mimi nimeinamia msimbo na Bibi amesinzia.

"Nionyeshe basi na mimi huyo mume wako."

Akakaa, akabonyeza kwa kidole chenye udongo, ulimi ameuma pembeni. Mama wataka mai. Ikatokea neno kwa neno, hata nukta zake zimekaa mahali pake.

"Mbona kwangu yaandika?" akasema, na alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka. Alinyanyuka akaenda kunawa mikono, na niliyasikia maji yakimwagika kwa muda mrefu kuliko udongo aliokuwa nao.

Bibi alipoamka nikakaa nyuma yake, nisitazame skrini, nitazame kidole. Alibonyeza nuni, ikaja nuni. Akabonyeza kafu, ikaja kafu. Akabonyeza nuni tena. Hakuna herufi iliyokosewa na mashine. Programu yangu ilikuwa haina kosa lolote, na laiti ingekuwa nalo. Kosa la msimbo ningelitafuta hata mwaka mzima. Hili lilikuwa ndani ya maneno ya Bibi yenyewe, mahali ambapo sina njia ya kufika.

Sikumwambia mtu. Halati naye hakusema. Siku zilizobaki niliendelea kukompaili msimbo ule ule, sijabadilisha kitu, ili Bibi aone mistari inateremka, ajue kwamba bado namfanyia kazi.

Mwezi ukaandama, na Mjomba akaja. Aliingia na godoro jembamba la kumlazia mamake ndani ya boti, na mfuko wa machungwa.

"Haya injinia. Kasemaje?"

Halati alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alinitazama, nami nikajua anachofikiri, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimekifikiri usiku na mchana. Maneno mawili tu, kwa herufi kubwa: *nakaa hapa*. Ningeyaandika kabla Mjomba hajavua viatu. Angekubali, maana alikwisha kuahidi. Lakini kama Bibi alikuwa akililia Amu, akililia daktari, akililia huyu mwanawe? Kiharusi kilimziba mdomo, nami ningekuwa nimemziba mara ya pili.

"Mwangalie mwenyewe, Mjomba," nikasema.

Nikamsogezea Bibi laptopu. Akafuta mkono wake kama kawaida yake, akaandika, mwanawe amechuchumaa mbele yake. Alipoinua macho, safari hii alimtazama yeye. Mjomba akaigeuza skrini, akaanza kusoma kwa sauti, akiunga herufi kama alivyofundishwa na mwalimu huyu huyu, kidole kinafuata. Akasoma hadi katikati ya mstari. Akarudi mwanzo, akajaribu tena, polepole zaidi, mtu mzima mwenye mvi anasoma kama mtoto wa alifu, na Bibi anamwangalia kwa makini, midomo yake inamfuata.

"Sahani," Bibi akamwambia, kwa upole.

Mjomba akaifunika laptopu. Hakusema nimeshinda. Alisema, "Nitafutieni watu wa kunisaidia kumbeba," na Halati akaenda mwenyewe kuwatafuta.

Walimbeba nje juu ya kiti. Walipofika mlangoni mkono wake wa kushoto ukatoka ndani ya kanga ukashika mwimo, ukashika kwelikweli, kiti kikasimama. Mmoja wa wabebaji akasema bibi aogopa kuanguka. Halati akasema haogopi kuanguka. Mjomba aliufungua mkono ule kidole kimoja kimoja, akaubusu, akaurudisha pajani. Mpaka leo sijui nani aliusoma sawa.

Sasa Bibi yuko Amu, chumba cha ghorofani, hospitali ni mwendo mfupi na presha yake inapimwa. Nikipata boti ya kwenda huwa nakwenda na laptopu. Mara ya mwisho nilimkuta amekonda, nywele amesukwa na mkaza mwana wake mitindo ambayo yeye hakuwa akiipenda. Nilimwekea kibodi mapajani. Akaufuta mkono, akaandika mstari mrefu, akainua macho.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamshika goti nikasema, "Nimesikia, Bibi. Nimesikia yote."

Akanitazama kitambo. Kisha akatikisa kichwa kushoto na kulia, si ile ndiyo yake ya kila kitu, akaivuta laptopu karibu zaidi, akatafuta herufi ya kwanza, akaanza upya.