Siku Mteremko Uliponiitikia

Bado sijakuzaa, mwanangu. Niko kidato cha tatu, na kuongea mbele ya watu kunanitoa jasho. Lakini ile siku ya machela naikumbuka yote, na nataka uipate kwangu kabla sijawa mama wa kusahausahau.

Tulikuwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ya vijana wa kujitolea, kwenye mteremko wa chai upande wa Roret. Mkufunzi wetu, Madam Moraa, alituahidi kwamba kundi litakalompandisha mgonjwa kutoka mtoni hadi barabarani bila kumwangusha, machela itabaki kijijini kwao. Wengine waliona ni mchezo. Mimi nilikuwa namwona kogo, bibi yangu, vile alivyovunjika nyonga wakati wa mvua akapandishwa kwa kiti cha plastiki, analia kila hatua. Niliitaka ile machela.

Mgonjwa wetu wa kuigiza alikuwa Otieno, yule mwembamba ambaye baba yake anafanya kazi kiwanda cha chai. Alilala akafunga macho. "Mkiniangusha nitawatokea usiku," akasema. Mkipanda, mfupi hukaa mbele na mrefu nyuma, ndio mgonjwa asiteleze. Basi mbele nikawekwa mimi, nyuma Kibet, mrefu wa kundi letu.

Sasa wewe, mwanangu, ukikulia kwenye chai utanielewa. Ile mitaro ya maji katikati ya michai hatuitazami. Miguu inaijua. Tunaruka tu, hata tukiwa kwa maongezi. Nilipofika kwa mtaro nikaruka, sikusema kitu. Kibet huko nyuma alikuwa anaona tumbo la Otieno peke yake. Mguu wake ukaingia, machela ikapinda, mgonjwa akabiringika ndani ya michai.

"Nimekufa!" Otieno akalia kutoka huko ndani. "Na nimekufa na majani masikioni!"

Wachumaji wa upande wa pili wa mto walicheka mpaka wakaacha kuchuma. Nilitaka kwenda nyumbani. Madam Moraa hakucheka. Alinitoa majani kwa sweta, akasema polepole, "Chero, huyo wa nyuma haoni chini. Macho yake ni mdomo wako, na wewe umemnyima. Rudini mtoni, lakini hii ndiyo ya mwisho."

Afadhali angenichapa.

Tukaanza upya. Kwa mtaro wa kwanza sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Ati nini?" Kibet akauliza, amesimama. Hapo nikakumbuka kile kiti cha plastiki. Nikajaza kifua.

"MTARO!"

Hata mimi nilishtuka. Kibet akavuka salama. "Kisiki, kushoto! Mtaro mwingine! Hapa ni utelezi, polepole!" Mama mmoja mchumaji akaniitikia, "Mtaro!" Wenzake wakadakia, na mara mteremko mzima ukawa unaitikia kila nilichoita. Otieno, mgonjwa mahututi, akaanza kuwapungia mkono kama mheshimiwa kwenye kampeni.

"Lala wewe, unaumwa!" Kibet akamfokea.

Tulitokea barabarani sauti imenikauka, na Otieno bado yuko juu. Madam Moraa alisema tu, "Hiyo ni yenu." Kibet alipiga kelele, mimi nikakaa chini kwenye vumbi nikacheka peke yangu.

Jioni tuliipitisha machela kwetu. Kogo alipapasa kile kitambaa kigumu cha machela, akauliza, "Na nani alikuwa anaita huko chini? Nilimsikia mpaka hapa."

"Ni mimi, kogo."

Akaniangalia sana. "Chero? Huyu Chero wangu?"

Mwanangu, ukizaliwa na aibu kama yangu, sikuambii uitupe. Yangu bado ninayo, na darasani bado nainamisha kichwa. Ila ukiwa mbele, na nyuma yako kuna mtu asiyeona unachoona, mwambie. Mwambie mapema, kwa nguvu, hata kama kwako ni kitu cha kuruka tu bila kufikiri.

Mungu akupe sauti siku utakapoihitaji, na akuwekee watu wa kukuitikia ng'ambo ile.