Niliponyamaza Kwenye Ndia

Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na huko kwetu Matinyani tulijua mahali patatu pa kuogelea jua la Januari lilipoanza kuchoma. Palikuwa na mashimo juu ya mwamba, ambamo maji ya mvua yalikaa hadi yakawa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Palikuwa na kona ya mto karibu na shule, ambayo wavulana waliifanya yao. Na palikuwa na ndia, ndivyo tulivyoliita dimbwi refu la mtoni. Mto wote ulipokauka ukabaki mchanga mtupu, hapo chini ya jabali maji yalibaki, ya kijani, yenye kina ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipima.

Siku hizi vijana wa Kitui mjini, na hata wa Nairobi, huja kwenye ndia wakati wa joto. Wanaruka kutoka juu ya jabali, wanapigana picha, wanaandika kwenye simu zao kwamba hapo ni pahali pazuri pa kutembelea. Ni kweli, ni pazuri. Palikuwa pazuri hata siku ile.

Nyanya yetu, mama yake Baba, tulimwita Susu. Hakutukataza kwenda kwenye ndia. Angetukatazaje, na ndiko tulikochota maji? Alitukataza jambo moja tu.

"Mtu akiwa ndani ya maji, usimwite jina lake. Mle ndani kuna wenyewe. Ukimwita wewe, nao wanamwita, na yeye atamwitikia aliye karibu."

Mama, ambaye alizaliwa Makueni na hakukosa kanisa hata Jumapili moja, aliyachukia maneno hayo. "Mama, usiwajaze watoto hofu," alimwambia Susu. Susu alimwacha aseme, kisha jioni akaturudia na onyo lilelile. Nasi tulimtii Susu. Kwenye ndia kila mtoto alikuwa "wewe." Kutwa nzima ilikuwa "Wewe! Wewe njoo!" na watu wazima walishazoea, hakuna aliyegeuka kutazama.

Dada yangu Mutheu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa mtu wa kucheka na chakula mdomoni. Ndiye aliyenisuka nywele, na shuleni hakuna aliyenigusa kwa kumwogopa yeye. Siku ile tulikwenda na punda kuchota maji. Tulijaza mitungi mitatu ya plastiki. Wa nne Mutheu aliufunga kifuniko ukiwa mtupu, akaukumbatia kifuani, akaingia nao majini. Ndivyo tulivyoogelea sote. Hakuna mtoto aliyejua kuogelea bila mtungi.

"Usiende katikati," nilimwambia.

"Katikati ndiko kuna baridi," akajibu, huku akipiga maji kwa miguu.

Mtungi ulimponyoka. Ulisogea kidogo tu, akaunyooshea mkono, upepo ukausogeza tena. Kichwa chake kikazama, kikarudi juu mdomo ukiwa wazi bila sauti, kikazama tena.

Upande wa juu wa mto, Mutinda jirani yetu alikuwa akichota mchanga wa kujengea. Hakuwa mbali, niliona hata jasho limemchora shati mgongoni. Nikapiga kelele: "Wewe! Wewe!" Hakuinua kichwa. Kelele hizo alikuwa anazisikia tangu asubuhi.

Jina la dada yangu lilikuwa mdomoni mwangu. Nakumbuka niliziba mdomo kwa viganja viwili kwa sababu lilitaka kutoka. Mikono yake ikaonekana juu ya maji, mikono tu. Niliwaza kwamba nikimwita nitakuwa nimewapa wale wenyewe. Nikarukaruka juu ya jabali nikilia, nikisema, "Wewe, wewe, tafadhali toka." Mikono ikapotea.

Hapo ndipo nilipomwita. "Mutheu! Mutheu! Mutheu!"

Mutinda alitupa koleo. Alikuja mbio juu ya mchanga, akajitosa na viatu vyake. Alipiga mbizi mara ya kwanza akatoka mikono mitupu, na mara ya pili pia. Mara ya tatu alimtoa. Alimlaza akamkandamiza, maji yakamtoka mengi, lakini pumzi haikurudi. Mutinda hakuacha kumkandamiza, hadi nikamvuta shati nikamwambia, "Basi, unamuumiza."

Jioni nyumba ilijaa watu. Mama alinivuta jikoni, akanishika mabega.

"Ulimwita? Niambie, ulimwita dada yako?"

"Nilimwita, Mama."

Akanikumbatia kwa nguvu hadi nikashindwa kupumua.

Kesho yake asubuhi Susu alinikuta nyuma ya zizi. Aliketi chini vumbini ili uso wake ulingane na wangu.

"Mjukuu wangu, ulimwita?"

"Sikumwita, Susu."

Akafumba macho, akasema asante, sijui kwa nani.

Majibu yote mawili yalikuwa na ukweli, na kwa yote mawili nilikuwa nimedanganya. Hayakudumu. Siku ya mazishi Mutinda alisimama kueleza yaliyotokea, bila nia mbaya yoyote, akasema alikuwa akisikia watoto wakicheza tu, wewe, wewe, hadi mwishoni aliposikia jina. Mama aligeuka kunitazama. Susu naye akageuka. Katika sentensi ile moja kila mmoja alikuwa amesikia jambo aliloliogopa kuliko yote.

"Ni maneno yako yaliyomuua mtoto wangu!" Mama alimfokea Susu mbele ya watu. Kabla mwaka haujaisha Baba alituhamishia mjini Wote, huko Makueni. Sikuwaona tena Mama na Susu wakila pamoja. Susu alipofariki Mama alipika kwenye matanga siku zote, lakini hakuingia kumwona.

Mwaka jana tulikuwa tukichambua ndengu, mimi na Mama, naye akaniuliza bila kuinua macho, "Ulinyamaza kwa muda gani?"

"Sijui, Mama."

"Ni kidogo?"

"Sijui."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mimi nilibishana na Susu tu. Sikuwahi kukuambia ufanye nini."

Siamini kwamba kuna wenyewe ndani ya ndia. Lakini sijawahi kumchukia Susu. Alikuwa ameona maji yakichukua watu, naye alitupa ulinzi pekee aliokuwa nao. Bahati mbaya alimpa mtoto mtiifu.

Bado namhesabia Mutinda hatua zake juu ya mchanga, kana kwamba nilimwita Mutheu kichwa chake kilipozama mara ya kwanza. Wakati mwingine anafika. Wakati mwingine, hata nikiwahi kuita, anakuta mikono imekwisha kupotea. Hesabu ikitoka hivyo, kwamba angechelewa vyovyote vile, moyo wangu hupata nafuu, kisha naona haya kwa nafuu hiyo, naanza kuhesabu upya.