Leo Usinipunje

Hebu mwone anavyoingia. Ni saa moja kasorobo asubuhi, geti la kliniki limefunguliwa nusu, na mwanamke wa miaka hamsini na mitatu anapita kwa ubavu, mkoba mkubwa begani, raba zimefungwa kamba mara mbili. Ukimwona utadhani anasafiri. Ndani ya mkoba mna chupa ya maji, sweta, vyeti vyake vyote kwenye mfuko wa nailoni, na nguo za kubadilisha za siku mbili. Hasafiri. Amekuja kazini tu, kama alivyokuja kwa miaka kumi na tisa, na jioni atarudi nyumbani kwake, mitaa mitatu kutoka hapo. Lakini mkoba huo hauachi.

Mlinzi wa getini naye hamwachi apite bure.

"Mama Mimi! Leo wewe ni nani?"

"Sijajua bado. Jana jioni nilikuwa mzee wa tezi dume."

"Oh, pole mzee wangu. Na mkojo?"

"Unatoka kwa matone, mwanangu. Niombee."

Mlinzi hucheka mpaka anashika geti asianguke.

Ni mkalimani, ndugu yangu. Mji ule una lugha yake, na watu wetu waliouhamia wana lugha yetu, na katikati yao, kwenye kiti cha plastiki baina ya daktari na mgonjwa, anakaa yeye. Kazi ina sheria. Mgonjwa akisema "mimi", mkalimani naye husema "mimi". Hasemi "huyu mama anaumwa tumbo". Husema "naumwa tumbo". Kwa hiyo kabla ya saa sita anaweza kuwa msichana mwenye mimba ya miezi mitatu, fundi rangi aliyeanguka kwenye ngazi, na bibi anayesahau majina ya wajukuu. Jina la Mama Mimi alipewa na wafagizi, likamganda.

Sheria ya pili: usiongeze, usipunguze. Ya tatu: usimtafsirie ndugu yako.

Na alikuwa fundi, usidhani. Wakalimani wapya mgonjwa akisema "nina mawazo" humwambia daktari kuwa mtu huyu ana mipango mingi kichwani, na daktari humpongeza. Mama Mimi alijua kuwa kwetu mtu mwenye mawazo hana mpango wowote. Alijua "moyo umekuwa mzito" si ugonjwa wa moyo, na "sijambo" ya mtu anayeangalia sakafu si sijambo.

Ila mtu anayeshinda akisema mimi, mimi, mimi, akifika nyumbani hana la kusema. Yeye na mumewe walishaachana zamani. Mume alisema kuishi naye ni kama kuishi stendi, mizigo iko tayari na basi haliji. Binti yake alishapanga chumba chake ng'ambo ya mji. Nyumbani alibaki na mama yake mzazi, wa miaka sabini na sita, na wawili hao waliweza kumaliza jioni nzima kwa maneno manne: umekula, nimekula, funga, nimefunga.

Shuka zote za nyumba ile zilikuwa zimechanika upande wa miguuni. Yule mama yake alilala na viatu. Alianza kulala navyo siku ile walipofika mjini na hakuacha. Mjukuu, yaani binti wa Mama Mimi, aliyezaliwa hapo hapo na hajawahi kukimbia hata mvua, naye hapati usingizi mpaka aweke viatu kando ya kitanda, ncha zikitazama mlango. Hakuna aliyemfundisha.

Walitoka kwao watatu, Mama Mimi akiwa na miaka tisa. Baba alikuwa ameuawa wiki iliyotangulia. Mama alimbeba mgongoni mtoto wa kiume wa miezi minane, na yeye alifuata kwa miguu. Walitembea siku sita, wakafika wawili. Aliuliza mara moja tu, "Mdogo wangu yuko wapi?" Akajibiwa mara moja tu, "Tumemwachia watu wema. Watamlea." Basi akaishi na hilo. Angekuwa sasa mwanamume wa miaka kama arobaini na mitano. Kila faili la mwanamume wa umri huo likiletwa, Mama Mimi aliangalia uso wa mgonjwa kwanza, ndipo akasoma jina.

Sasa nikueleze kosa lake, maana bila hilo hutamwelewa. Mwaka mmoja baada ya kufika, mama yake aliumwa. Wakati huo mji haukuwa na wakalimani. Watoto walikuwa wameshika lugha shuleni, basi watoto ndio waliotumwa. Akakaa baina ya mama na daktari, miguu haifiki chini. Mama akasema, "Mwambie nimechoka kuishi."

 Mtoto akamwambia daktari, "Mama amechoka."

Neno moja tu alilikata. Aliamini akilisema lote litakuwa kweli, wamchukue mama, na yeye abaki peke yake katika mji ule. Daktari akatabasamu, akaandika vidonge vya kuongeza damu, akashauri mboga za majani na kupumzika. Nje mama akauliza, "Umemwambia?" Akajibu, "Nimemwambia." Mama akavimeza vidonge vile kwa miaka.

Tangu hapo, kwa kila mgonjwa aliyemtafsiria vizuri, Mama Mimi alikuwa kama anajaribu kurudisha neno lile, na halirudi.

Ikaja Jumanne moja. Mama yake mzazi alikuwa siku ya nne anakunywa maji tu. Mama Mimi alishasema ni uzee, na akaenda kazini. Saa nne binti yake akatokea kwenye korido ya kliniki, amemshika bibi mkono.

"Mama, unasikiliza wagonjwa wa mji mzima, wa nyumbani humsikii?"

"Punguza sauti."

"Siipunguzi! Nimemkuta amekaa kitandani anatazama ukuta. Viatu mguuni, hajala. Huo ni uzee gani?"

Daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke kijana mwenye miwani iliyokazwa kwa gundi, aliwaingiza ndani. Kisha akakwama. Mkalimani wa pili alikuwa likizo mpaka Ijumaa, na Mama Mimi ni ndugu.

"Sheria hairuhusu," daktari alisema. "Lakini kumrudisha nyumbani mpaka Ijumaa akiwa katika hali hii, naogopa. Utaweza? Kila neno?"

"Mama, wewe huwezi," binti akasema. Yeye lugha yetu aliijua ya jikoni tu: njoo, kula, funga mlango.

"Naweza," akasema Mama Mimi, akavuta kile kiti cha plastiki.

Daktari akauliza anajisikiaje. Mama hakumtazama daktari. Alimtazama mwanawe muda mrefu, kama mtu sokoni anayemtazama muuzaji akishika mizani.

"Mwanangu," akasema, "leo usinipunje."

Mama Mimi alihisi masikio yanaziba. "Ulijua?"

"Yule daktari alitabasamu. Mtu akiambiwa neno lile hakwambii ule mboga."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa na miaka kumi. Nikasema, mzigo umemzidi, akikua atautua. Ukakua. Nikaona bado umeubeba."

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Sheria ni sheria. Mama Mimi akamgeukia. "Nimemwambia mwanangu leo asinipunje. Aliwahi kunikatia neno alipokuwa mtoto, na nilijua."

Daktari hakuandika kitu.

"Nimechoka kuishi," mama akasema.

"Nimechoka kuishi," akasema Mama Mimi kwa lugha ya mji. Lilichukua muda mfupi tu kulisema. Lingeweza kusemwa na mtoto.

"Tangu lini?"

"Tangu njiani. Tulikuwa siku ya nne. Mtoto alikufa asubuhi, mgongoni, nilisikia amekuwa mzito. Sikusema. Ningesema, huyu mkubwa angekaa chini na asingenyanyuka tena, nami ningekaa naye. Basi nikambeba vilevile mpaka jua linazama. Dada yake yuko nyuma yangu, anamwimbia ili alale. Nikamwacha aimbe. Usiku ndipo nikamzika kwa mikono, yeye amelala. Asubuhi nikasema tumemwachia watu wema."

Mama Mimi alitafsiri sentensi kwa sentensi, kama alivyofunzwa, macho kwenye kona ya meza. Kazi ilimbeba. Nilimbeba vilevile, alisema. Nikamwacha aimbe. Nikamzika kwa mikono. Binti yake, aliyekuwa anasikia hayo kwa mara ya kwanza, na kwa mdomo wa mama yake, alikuwa amejishika kifuani.

"Huyo dada yake ni nani?" daktari akauliza taratibu.

"Mimi."

Daktari akatazama huku, akatazama kule. "Samahani. Mimi ni mama anayezungumza, au mimi ni wewe?"

 Miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza Mama Mimi swali hilo. Mdomo ulifunguka na ndani yake hamkuwa na lugha yoyote, wala ile wala hii.

"Ni yeye," binti akasema. "Ni huyu hapa. Mama yangu."

Hivyo ndivyo mtoto aliyeishi miaka arobaini na minne kwa watu wema alivyokufa, Jumanne, kabla ya saa tano asubuhi, na aliyetangaza kifo alikuwa dada yake.

Mama alilazwa siku hiyo hiyo. Sitakudanganya kwamba aliruka akacheza. Wiki ya kwanza alikunywa uji vijiko vitatu, wiki ya pili nusu bakuli, akalalamika hauna sukari, na wauguzi wakafurahi kwa hilo lalamiko kuliko kitu chochote. Mkalimani wa pili aliporudi kutoka likizo, ndiye aliyeingia na daktari chumbani kwa mama kila asubuhi. Mama Mimi alikaa korido kwenye benchi. Kupitia mlango alisikia sauti ya mama yake ikisema na kusema, maneno mengi zaidi kwa nusu saa kuliko aliyowahi kupewa yeye kwa mwaka, na sauti ya mwanamke mwingine ikiyapokea na kuyavusha. Siku moja alisikia mama akicheka. Hakujua mama yake anacheka hivyo. Alitamani kuuliza amecheka nini, akakumbuka hana haki. Siri ya mgonjwa.

Nyumbani hapakuwa na wa kumwambia umekula. Alifunga mlango, akauliza "umefunga?" kwa mazoea, akasimama pale na kitasa mkononi.

Mlinzi wa getini asubuhi moja alimwita, "Mama Mimi! Leo ni nani wewe?" Akamwona uso, akashusha sauti. "Basi, dada. Pita tu."

Jumapili binti alikuja kufua shuka. Akiwa anazikamua akauliza bila kugeuka, "Mjomba aliitwa nani?"

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwita yule mtoto mjomba. Mama Mimi akamtajia jina. Binti akalirudia, akakosea herufi moja, akasahihishwa, akarudia tena vizuri. Waliendelea kukamua, mmoja huku mmoja kule, maji yakitiririka kwenye viwiko.

"Na wewe, mama? Bibi ana daktari. Zamu yako lini?"

"Mimi nina kazi."

"Mama."

"Alhamisi," akakubali. "Yule daktari kanipa fomu nijaze."

Fomu yenyewe ameijaza kwa ajili ya watu wengine mara elfu. Anajua mpaka pale karatasi inapokwama kwenye mashine. Jina, akaandika. Umri, akaandika. Nani atakusindikiza, akaandika jina la binti yake. Ikafika mstari unaosema: utazungumza lugha gani?

Lugha ya mji anaijua kuliko waliozaliwa nayo, lakini ndani yake hajawahi kusema mimi akawa yeye. Lugha yetu ndiyo aliyomwimbia mtoto aliyekwisha kufa. Akiisema ana miaka tisa, na daktari haielewi, kwa hiyo itabidi mtu mwingine akae kwenye kile kiti cha plastiki aseme mimi kwa niaba yake, naye aombe tu asipunjwe.

Kesho ndiyo Alhamisi. Kalamu iko mkononi na mstari bado mtupu. Ungekuwa wewe, ungeandika ipi?