Maandamano Yaliyopata Unga

Mdogo wangu wa kike alipotangaza kwamba ataandamana kwa ajili ya vijana wa Palestina, nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Mji wetu huu wa Kasongo, ambako hata mashimo ya barabara hatujawahi kuyaandamania. Yeye hakucheka. Kwenye simu alikuwa ameona msichana wa rika lake amesimama na bendera mbele ya wanajeshi wanaokalia kijiji chao, akiwaambia waondoke.

"Yaya, na sisi tunajua mambo ya waaskari mu kijiji," aliniambia mimi mkubwa wake. "Nataka hata mutu moya hapa ajue kama ile binti iko."

Kesho yake akaenda ofisi ya mji kuomba kibali.

Ofisi ikamruhusu kwa sharti moja: pasiwe na kelele. Basi Ijumaa baada ya swala wakatoka vijana wachache, wamevaa nyeusi, kimya, vichwa chini, wakitembea polepole. Mimi nyuma, nimenuna. Mtu yeyote aliyezaliwa kwetu akiona watu wanatembea hivyo anajua kuna msiba.

Mwenye duka alifunga mlango nusu. Wa pikipiki alizima injini, akaisukuma. Kufika sokoni, akina mama walishajiunga nasi, huyu na kuni kichwani, yule na beseni la unga wa muhogo, maana hakuna aendaye matangani mikono mitupu. Mmoja alikuwa anaomboleza tayari, tena kwa ufundi mkubwa.

"Watatucheka mpaka nizeeke," mdogo wangu alininong'oneza. Niliilaani ile ofisi kimoyomoyo.

Uwanjani, mama wa kuni akatua mzigo wake. "Maiti iko wapi? Mutoto ya nani amekufa?"

Mdogo wangu akamweleza: maiti hakuna. Ni vijana wa mbali, wanataka wanajeshi watoke kwao. Wengine wanafungwa, wengine wanapigwa risasi. Akamsimulia yule wa bendera.

Nikangoja kicheko. Mama akautazama unga wa mwenzake, kisha akamtazama mdogo wangu.

"Na ule binti, bado iko muzima?"

"Sijue, mama. Video iliishia pale."

Mama akatandika kitenge chini, akaketi, akanyoosha miguu. "Basi hatuwezi kurudia ku nyumba. Mutie maji ku moto."

Mdogo wangu akapiga magoti kando yake, akalia kwa sauti. Mimi, niliyekuja kununa, nikaenda kutafuta mafiga.